Kuchoka sio mazoezi, mhariri

Mheshimiwa mhariri,

Salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Kwanza samahani na Kiswahili changu, ni cha mpakani na cha kambini, nimelelewa kwenye kota za jeshi baba akiwa askari, kwa hiyo nikikosea sarufi nyoosha tu lakini maneno yenyewe usiyakate. Kurasa zenu za afya nazisoma sana. Presha mmeandika, sukari mmeandika, tezi dume mmeliandika mpaka mimi nisiyekuwa nalo nalifahamu vizuri, ila miaka yote hii sijaona mahali mmesema mwanamke damu ya mwezi ikishakatika anafanya nini na mwili uliobaki.

Nina miaka 53. Nauza mivumba, nyinyi mnaita mitumba. Beli moja ni kilo 45, na kwa miaka karibu ishirini beli ikishuka kwenye boda mimi nashika huku, kijana wangu wa kazi anashika kule, moja mbili tatu iko juu ya meza. Sasa nilipokuwa na miaka 48 hivi asubuhi moja tukashika kama kawaida, ikafika magotini, vidole vyangu vikafunguka vyenyewe. Sikuteleza, hakuna aliyenisukuma, nguvu zilikwisha tu kama mshumaa, beli ikamwangukia kijana kwenye mguu. Akaniangalia akasema, "Mama, leo hujala?" Nilikuwa nimekula chapati mbili na mayai.

Mwaka huo mambo mengi yalikuja pamoja. Joto linaanzia kifuani linapanda shingo mpaka masikio yanachemka, mvua inanyesha wenzangu wamejifunika mashuka mimi najipepea na blauzi ya mteja. Usiku natoka jasho nabadilisha kanga mara mbili. Magoti, mabega, yote yanalia. Na kitu kilichonitisha kuliko vyote ni hesabu, maana hapa Busia mtu anakulipa nusu kwa shilingi za Kenya nusu kwa za Uganda, na mimi rate nilikuwa nazidisha kichwani naongea na simu huku napima suruali kiunoni mwa mteja. Ghafla siwezi. Nasimama na elfu moja ya Kenya mkononi kama mtoto wa darasa la pili, mteja ananisubiri.

Nilikwenda kliniki moja, sitaitaja, hata kidole hawakunitoboa, wakasema malaria nikameza doze nzima. Mwezi uliofuata malaria tena, doze nyingine. Mara ya tatu nikaambiwa ni mawazo, nipunguze mawazo, kana kwamba mawazo yanauzwa kwa kilo mtu anapunguza pale kwenye mzani. Jirani mmoja yeye akasema nimetupiwa kitu na mwenye kibanda cha mbele. Nusu nimwamini.

Mhariri, sisi huku tuna senga, yule shangazi anayemfundisha msichana kabla hajaolewa. Senga wangu alinifundisha kila kitu, jinsi ya kukaa na mume, jinsi ya kumsalimia mama mkwe, mambo mengine gazeti lako haliwezi kuyachapa. Lakini kuhusu siku damu itakapokoma hakusema hata neno moja, na nikikumbuka vizuri yeye mwenyewe wakati ule alikuwa anajipepea kila saa na gazeti, anatoka nje usiku anasimama uani peke yake. Tulidhani anasali.

Aliyenieleza ni binti wa dada yangu anayesomea unesi. Aliniambia kuna homoni inaitwa estrojeni, haikatiki siku moja kama umeme, inapanda inashuka miaka kadhaa halafu ndo inatulia chini, na ukipitisha miezi 12 mfululizo bila damu ndipo wanahesabu imekoma, kwa wengi inakuwa kati ya miaka 45 na 55. Kumbe hiyo estrojeni ilikuwa inalinda mifupa, inasaidia misuli, inashika usingizi, na ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili nayo ilikuwa inaitegemea. Ikipungua mifupa inaanza kupoteza uzito wake haraka kuliko zamani, misuli inakuwa ngumu kuishika, mafuta yanahama kutoka kwenye nyonga yanakuja tumboni. Nikamwambia mwanangu, hayo yote nimeyaona kwenye kioo, niambie dawa. Akasema mazoezi.

Na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu mimi nikisikia mazoezi nasikia kutembea na kukonda. Nikaanza kutembea, kila alfajiri barabara ya kwenda Tororo, napishana na malori naenda narudi, jioni sili, nakunywa chai ya rangi nalala. Miezi minne. Kilo zilipungua kweli, watu wakanisifu, lakini tumbo lilibaki pale pale na kilichokwenda ni mapaja na matako, nikawa kama kiazi kilichochomekwa njiti mbili. Ngazi za benki napanda nimeshika ukuta. Beli ndo usiseme, nilikuwa namlipa mtu wa pili kubeba.

Kutembea ni kuzuri, sikatai, moyo unapenda na kichwa kinapoa. Lakini sisi Uganda tatizo letu sio kutembea! Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa utafiti wa nchi 168, na nchi yenye watu wachache kabisa wasiojishughulisha na mwili ilikuwa Uganda, asilimia 5.5 tu. Sisi ndo tuliokuwa wa kwanza duniani kwa kuhangaika. Binti aliponisomea nilicheka mpaka machozi, kwa sababu ukiniangalia mimi na wenzangu sokoni, mmoja anashika kiuno, mwingine hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika bega la mteja, huwezi kusema hawa ni mabingwa wa dunia wa kitu chochote.

Nimelifikiria sana hilo jambo nikiwa nasubiri wateja. Utafiti ule ulihesabu kulima, kuchota maji, kutembea kwenda sokoni, na ni haki, hiyo ni kazi ya mwili. Lakini jerikeni la lita 20 nililobeba nikiwa na miaka 18 ni lile lile la lita 20 nililobeba nikiwa na miaka 40, mwili ulishalizoea zamani hauna sababu ya kuongeza hata uzi mmoja wa msuli. Halafu tunabeba kila siku bila kupumzika, tunainama na jembe mgongo umekunjwa kutwa nzima, tukirudi baba anakula nyama watoto wanakula nyama mama anakula supu na posho, yaani ugali. Hiyo ni kuchoka. Shirika hilo hilo la Afya kwenye mwongozo wake wa 2020 lilisema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za kujishughulisha kwa wiki, hizo muuza soko anazimaliza Jumatatu na Jumanne, lakini likaongeza angalau siku mbili kwa wiki za kuimarisha misuli mikubwa yote. Hiyo ya pili ndiyo hakuna anayetuambia.

Mimi niliambiwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa anafundisha michezo shule ya msingi, ni mteja wangu wa sketi. Ana miaka 66. Siku hiyo aliniona napata shida kuinuka, akavuta kiti akasema kaa, kunja mikono kifuani, simama kaa simama kaa bila kushika kitu, mimi nahesabu sekunde 30. Nilifika mara 8 mapaja yanawaka moto. Akakaa yeye akapiga 17, hata sauti haikubadilika, akanunua sketi yake akaniambia Jumanne saa kumi na mbili asubuhi uje nyuma ya soko na jerikeni mbili.

Nilidhani tunakwenda kuchota maji.

Mhariri, huyu mwalimu hana jimu, hana vyuma, ana jerikeni na maji ya bomba. Anasema jerikeni ndiyo mizani ya maskini kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, huwezi kudanganywa na mwenye duka. Alinianzisha na lita tano kila mkono, nikaona aibu, mimi mbeba beli. Lakini alitaka kwanza nijifunze kuinama. Miaka yote nilikuwa nainama kwa kukunja mgongo kama ndoano, yeye akaniambia peleka makalio nyuma kama unasukuma mlango wakati mikono yote imejaa, kifua mbele, magoti yalegee kidogo, jerikeni zikae karibu na miguu, halafu simama kwa kusukuma ardhi. Nilirudia wiki mbili nzima hicho kitu kimoja. Siku nilipokipata nilisikia nyuma ya mapaja pamekaza mahali ambapo sijawahi kujua nina nyama.

Baada ya hapo ilikuwa hivi, Jumanne na Ijumaa tu, siku zingine mwili upumzike. Kuinua jerikeni kutoka chini mara 8, pumzika, tena, pumzika, tena. Kukaa kwenye kiti na kusimama umekumbatia jerikeni moja kifuani kama mtoto. Pushapu za ukutani, baadaye za kwenye meza, sasa hivi tuko kwenye benchi. Kutembea na jerikeni mkono mmoja tu mwili usilale upande, hiyo inaonekana rahisi mpaka uijaribu. Na sheria yake ni moja, zile mbili za mwisho ziwe ngumu kweli lakini mgongo haujapinda, kama unainua huku unapiga stori basi maji ni machache, ongeza lita. Nilitoka tano nikafika saba, kumi, kumi na tano, mwezi wa saba nilikuwa na ishirini kila mkono, kilo arobaini mhariri, karibu beli. Maji yalipofika mwisho akatuletea mchanga, na hapo nawaonya watu, jerikeni ni lile lile lakini ukilijaza mchanga unapita kilo 30, usijirushe tu kwa sababu umbo unalijua.

Wenzangu waliniambia utavunjika mifupa, umri huo mwanamke ananyanyua vitu vizito? Nilimuuliza binti akanitafutia, kumbe chuo cha Griffith huko Australia walichukua wanawake 101 waliokwisha koma hedhi, mifupa yao tayari imepungua, wote zaidi ya miaka 58, kundi moja wakawanyanyulisha vyuma vizito kabisa na kurukaruka, nusu saa mara mbili kwa wiki kwa miezi minane, wasimamizi wapo pembeni wanaangalia kila kitu. Matokeo yalitoka 2018, mfupa wa mgongo uliongezeka kwa walionyanyua, wakati wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ulipungua. Mfupa unavutwa na msuli, unasukumwa na uzito, ndipo unajijenga. Hata hivyo simwambii mtu aamke kesho abebe gunia, hao walianza polepole na walisimamiwa, na mimi pia nilikuwa na mwalimu.

Kuna jambo jingine nitalisema ingawa mzee wangu akilisoma atanuna. Kabla ya hizi jerikeni nilijaribu netiboli na wamama wa kanisa, tulicheza na wa parokia ya jirani, nikaruka kudaka mpira mkojo ukatoka. Mbele ya watu. Nikafunga sweta kiunoni nikasema nimeumia kifundo, nikakaa benchi mpaka mwisho. Nilipomwambia mwalimu hakucheka, akasema nusu ya wanaokaa benchi wana kifundo kama changu. Akanifundisha kubana ile misuli ya chini, kama unazuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja, hesabu mpaka tano achia polepole, mara kumi, asubuhi mchana na jioni, na kila unapoinua jerikeni bana kwanza ndipo uinue, pumua nje. Uzuri wake hakuna anayejua unafanya, mimi nafanya nikiwa nakata bei na mteja. Ilichukua kama miezi mitatu. Nimerudi netiboli.

Chakula nacho kilibidi kibadilike, mwalimu alisema unajenga nyumba bila matofali? Sasa supu na posho nimeacha kuwa ya mama. Nakula maharage, karanga, yai la kuchemsha kila siku, na mukene, vile vidagaa ambavyo ng'ambo Kenya wanaita omena, kwa sababu unaitafuna nzima na mifupa yake na hiyo ndiyo kalsiamu. Nyama ikipikwa nami natoa kipande changu kabla sijapakua. Siku ya kwanza nyumbani walinyamaza kidogo. Wakazoea.

Na vicheko, hayo nilijua yatakuja. Vijana wa mizigo walikuwa wanasimama saa kumi na mbili kutuangalia, ati bibi wanataka kwenda Olimpiki, mmoja ananiuliza kama nataka kupigana na Kenya. Mnakumbuka Aprili 2020 wakati wa lokidauni rais wetu Museveni alijirekodi ikulu anakimbia ndani na kupiga pushapu 30, miguu peku, ana miaka 75? Nchi nzima ilishangilia, hata wanaompinga waliiangalia ile video. Mzee wa 75 akipiga pushapu ni shujaa, mama wa 53 akipiga ukutani kwenye soko ameanza kuchanganyikiwa. Na wanaocheka zaidi sio wanaume, ni wanawake wenzetu walio na miaka 35, hao nawasamehe kwa sababu njia ni moja tu wote tunakuja.

Sitaki kuwadanganya wasomaji wako kwamba kila kitu kimekwisha. Joto bado linakuja, limepungua lakini linakuja, hata sasa naandika nimefungua vifungo viwili. Kilichobadilika ni usingizi, usiku wa Jumanne na Ijumaa nalala kama gogo, na nafikiri hesabu zangu za rate zilirudi kwa sababu ya usingizi kuliko kitu kingine. Tumbo lipo, dogo kidogo. Magoti yamenyamaza. Kiti cha mwalimu sasa napiga 16, nimebakiza moja nimfikie na yeye anajua, wiki iliyopita aliongeza akapiga 18 makusudi.

Tulianza wawili, sasa tuko kumi na mmoja, wauza nyanya, wauza mukene, mama wa hoteli mmoja na mke wa askofu anayekuja amejifunga leso usoni asitambulike. Wawili wana presha, mwalimu aliwarudisha kwanza wakaone daktari ndipo wakaanza, na anawazuia wasishike pumzi wakati wa kuinua. Mmoja damu yake ilikuwa imekoma miaka mitatu halafu ikarudi, yeye akafurahi anadhani ujana umerudi kwa sababu ya jerikeni. Binti aliposikia akasema hapana, damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila damu sio ya kusubiri hata wiki, ni hospitali apimwe, inaweza kuwa kitu kidogo inaweza kuwa saratani. Alikwenda, wakamkuta na uvimbe mdogo wakautoa, yuko salama na ameshafika lita kumi na mbili. Hilo mhariri liandike kwa herufi kubwa ikiwezekana, maana huku mitaani watu hawalijui.

Ombi langu ni mawili. La kwanza tupeni ukurasa mmoja, hata nusu, mtafute daktari wa wanawake ajibu maswali haya, maana hata hizo dawa za kurudisha homoni nasikia zipo lakini sokoni kila mtu ana stori yake. La pili ni kwa viongozi wa mji wetu, kuna uwanja wa shule karibu na hapa, nyasi nzuri, asubuhi hauna mtu, tuliomba tukafungiwa geti tukaambiwa tutaharibu nyasi. Wanawake kumi na moja na jerikeni. Kwa hiyo bado tuko nyuma ya soko, na malori ya mahindi yakianza kurudi nyuma tunahama na mitungi yetu kuku wanatufuata.

Beli nilijaribu tena mwezi uliopita, kijana mpya wa kazi, yule wa mguu alikwenda Kampala. Nilimwambia shika huku, moja mbili tatu, ikapanda upande wangu mapema kuliko upande wake, ikamwelemea akasema mama ngoja kwanza, sijajipanga. Nikangoja.

Ni mimi,
Mama wa mivumba, Busia, Uganda